Kumpeleka mtoto kuwinda bata mzinga: mwongozo kwa wazazi tulioko Kentucky

Machi ikifika mwishoni wazazi wengi wa kwetu hapa Lexington na Louisville wanaanza kuuliza, mtoto karudi shule kasikia wenzake wanaenda porini na baba zao kuwinda bata mzinga, na yeye kang'ang'ania anataka, sasa mzazi hajawahi kushika hata manati anaanzia wapi. Inawezekana kabisa na wala sio lazima uwe mzungu mwenye shamba na pikapu. Ila kuna jambo moja ulikubali kabla hujanunua chochote: ukienda na mtoto, mpango mzima unapimwa kwa mtoto, sio kwa ndege. Atakaa muda gani, atavumilia baridi kiasi gani, bunduki inamwenea au haimwenei, hayo ndo yanaamua mwende wapi na saa ngapi. Wanaofanya kinyume wanamwamsha mtoto usiku wa manane, wanamkalisha chini ya mti kwenye umande masaa manne bila kutikisika, ikifika Aprili nyingine mtoto anajifanya anaumwa tumbo.

Na usimfikirie yule bata mzinga wa supamaketi wa Thanksgiving. Huyu wa porini analala juu ya mti, anaruka vizuri, anakimbia kuliko wewe, na macho yake sijui niyaelezeje, anaona rangi na anaona karibu pande zote bila hata kugeuza shingo. Pua ndo hana, hivyo harufu yako usiihangaikie. Dume aliyekomaa anafika kilo 8 mpaka 10. Na zamani walikuwa karibu kuisha kabisa Kentucky, wale mnaowaona saivi pembeni ya barabara wametokana na kazi ya serikali ya jimbo kati ya 1978 na 1997, walikuwa wanawakamata majimbo mengine kwa nyavu zinazorushwa na baruti alafu wanawaachia huku, maelfu ya ndege. Mweleze mtoto hiyo mkiwa kwenye gari, atauliza maswali mpaka mfike.

Makaratasi kwanza

Hapa ndo watu wanaumia kwahiyo soma taratibu. Mambo ya wanyama Kentucky yako chini ya Kentucky Department of Fish and Wildlife Resources, na kanuni zao za mwaka wanazitoa bure, zipitie kila mwaka maana zinabadilika. Msimu wa kawaida unafunguliwa katikati ya Aprili na unakwenda siku 23. Lakini kabla ya hapo kuna wikiendi ya watoto tu, mwanzoni mwa Aprili, kwa wenye miaka 15 kushuka chini, na mimi nakushauri uanzie hapo. Watu wazima hawaruhusiwi kupiga siku hizo mbili hivyo pori limetulia, na ndege hawajachoka kusikia watu wanawaita kila kona.

Mtoto wa chini ya miaka 12 hahitaji leseni wala kibali. Kuanzia 12 mpaka 15 anahitaji leseni ya uwindaji ya vijana pamoja na kibali cha bata mzinga cha vijana, na lazima awe amemaliza kozi ya usalama wa uwindaji. Huyo wa chini ya 12 kozi hadaiwi ila mtu mzima anayemsindikiza anatakiwa awe nayo, isipokuwa kama alizaliwa kabla ya 1975. Mi nasema hata kama hudaiwi, kaeni wote wawili mezani mfanye hiyo kozi, jioni jioni baada ya homuweki. Mtoto akimwona baba au mama anafeli swali la bunduki anafurahi sana na analishika jibu lile.

Sheria nyingine inasema ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye bunduki, mtu mzima awe karibu kiasi cha kuweza kuishika hiyo bunduki muda wowote. Yaani mkono ufike. Sio yeye mti huu na wewe mti ule.

Sasa la kwetu sisi wageni. Kama una grini kadi, au uliingia kama mkimbizi kwa utaratibu, au umeshakuwa raia, hadhi yako ya uhamiaji haikuzuii kumiliki bunduki ya kuwindia. Kama uko na viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki ila kwa masharti machache, na mojawapo ya hayo masharti ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na asiye na makaratasi kabisa haruhusiwi hata kuishika, hata ya kuazima, hata dakika moja porini. Kesi ya bunduki inaweza kuharibu maombi yako ya uhamiaji, kwahiyo kama hadhi yako ina utata wowote ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, na mtoto aende na rafiki wa familia ambaye yuko sawa.

Mengine haraka haraka: mwisho ndege wawili kwa msimu na mmoja kwa siku. Anapigwa dume tu, au yeyote mwenye ndevu zinazoonekana, zile nyuzi nyeusi ngumu zinazoning'inia kifuani, maana kuna majike machache nayo yanaota ndevu. Kumwaga mahindi ili waje ni marufuku. Kucheza sauti ya bata mzinga kwenye simu au spika ili kuwaita pia ni marufuku, na hili mtoto umwambie mapema kabisa kwa sababu wazo la kwanza litakalomjia ni YouTube. Nyumbani kujifunzia sauti sawa, porini simu mfukoni.

Pa kwenda

Ardhi nyingi ya Kentucky ni ya watu binafsi, na kuingia kwa mtu bila ruhusa usithubutu. Ya umma ipo, Daniel Boone National Forest upande wa mashariki ni kubwa mno, na magharibi kuna Land Between the Lakes ambayo ina taratibu zake za bahati nasibu kwa baadhi ya siku. Lakini kwa mtoto wa mara ya kwanza shamba la mtu ni bora, hakuna wawindaji wengine wa kuwaogopa.

Kuomba ruhusa kuna adabu yake. Nenda Februari au Machi mapema, mchana kweupe, wikiendi, na mtoto mwenyewe awepo. Usivae kombati, usiwe na bunduki kwenye gari, paki pale wanapoona. Jitambulishe jina, unapofanya kazi, unapokaa, alafu mwache mtoto aombe mwenyewe kwa maneno yake. Sisi watu weusi wenye lafudhi kugonga milango ya mashambani sio jambo la kufanya kwa mazoea, kwahiyo njia nzuri zaidi ni kupitia mtu mnayefahamiana naye, wa kanisani, wa kiwandani, kocha wa mpira wa mtoto. Sehemu hizi kila mtu ana mjomba mwenye shamba. Ukipewa ruhusa uliza mipaka, uliza ng'ombe wako wapi, funga kila geti kama ulivyolikuta, na baadaye rudi na kitu. Maandazi ya moto yananifungulia mageti mpaka leo.

Mkishapata shamba mwende siku moja kabla ya msimu kuangalia tu, bila bunduki, hiyo siku mtoto anaipenda kuliko mnavyofikiri. Tafuteni majani makavu yaliyofukuliwa chini ya miti, ndo wanavyokula. Tafuteni vumbi walipooga. Tafuteni kinyesi, na hapa mtoto wa kiume atacheka mpaka alie: cha dume kimejikunja mwishoni kama herufi J, cha jike kinajiviringa kakilima. Asubuhi simameni mbali msikilize dume anavyowika akiwa bado juu ya mti, mjue wanalala upande gani. Msiende chini ya mti wenyewe, mkiwashtua hapo wanahama.

Bunduki

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo watoto wanaharibiwa. Bunduki ya bata mzinga ni ya marisau, vile vidonge vidogo vingi vinavyotoka pamoja, yaani shotgani, na watu wengi wanampa mtoto ile geji 12 ya baba yake (geji ni kipimo cha mtutu, namba ikiwa ndogo mtutu ni mkubwa) yenye risasi nzito ya inchi tatu na nusu. Inampiga teke la bega mtoto analia, na kuanzia siku hiyo kila akitaka kufyatua anafumba macho na kujikunja kabla haijalia. Ugonjwa huo kuutibu ni kazi ya miaka. Mtoto mpe geji 20 ya kitako kifupi, au .410, yenye mtutu mwembamba zaidi, kama mtoto ni mdogo zaidi. Zamani .410 ilionekana ya kuchezea, lakini siku hizi kuna marisau ya tangsteni, nambari 9, madogo sana lakini mazito kuliko risasi ya kawaida, na hayo yameifanya .410 imwangushe bata mzinga vizuri kwenye umbali wa karibu. Bei yake itakuuma, risasi moja unaweza kununua soda kadhaa, ila mtoto hahitaji nyingi. Kentucky hairuhusu marisau makubwa kuliko nambari 4, na mtutu usiwe mkubwa kuliko geji 10, na kwa vyote viwili namba ikiongezeka kitu kinapungua, hivyo hapo uko ndani ya sheria.

Pima kitako hivi: mtoto akikiweka kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Kisipofika bunduki ni ndefu, hata kama ni ya rangi ya pinki na imeandikwa ya vijana.

Mazoezi ya kwanza ni sebuleni na risasi bandia za plastiki, mkishahakikisha wote wawili kwamba haina kitu. Aweke bunduki kwenye stendi ya miguu mitatu, aangalie, ashushe pumzi, abonyeze pole pole. Hapo hapo mfundishe zile nne: kila bunduki ichukulie ina risasi, mtutu usiuelekeze kwa kitu usichotaka kukipiga, kidole nje ya triga mpaka wakati wenyewe, na jua kuna nini nyuma ya unachokilenga. Asiimbe tu kama shairi la shule, akurudishie kwa vitendo. Wiki inayofuata nenda naye mahali pa kulenga shabaha mkiwa na risasi nyepesi, zile za kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani, vikinga masikio na miwani kwa wote wawili, apige chache mwondoke akiwa bado anataka. Ile risasi nzito ya mawindo ipige wewe kwenye karatasi kuona marisau yanatawanyika vipi. Chora duara la inchi 10, ambalo ndo kichwa na shingo, hesabu matundu, ukipata 100 au zaidi ndani ya duara umbali huo unafaa. Ukishajua umbali huo ukate, kwa mtoto mimi sivuki yadi 25, hata kama karatasi inasema 40.

Kioo cha nukta nyekundu juu ya bunduki ni hela nzuri kuliko kombati za gharama. Mtoto haelewi kupanga shanga ya mbele na mtutu huku moyo unadunda, lakini "weka nukta pale manyoya yanapoishia shingoni" anaelewa.

Na nyumbani bunduki inafungiwa, risasi zinafungiwa pengine, ufunguo unakaa nao wewe. Mtoto kujua kuitumia haimaanishi ajue ilipo.

Saa ya kwenda, na kukaa

Mwanzoni mwa Aprili hapa Lexington jua linatoka kama saa moja na robo asubuhi, na sheria inaruhusu kuanzia nusu saa kabla. Ni kweli alfajiri ndo wanawika sana na ni raha kuwasikia. Lakini kwa mtoto wa miaka saba au nane mi naona nendeni saa tatu. Kuna sababu yake nzuri, asubuhi dume anashuka mtini kakutana na majike yake hana haja na wewe, ila kadri saa zinavyosogea majike yanaondoka moja moja kwenda kutaga, dume anabaki peke yake anatafuta, na hapo ukimwita anakuja kweli. Mtoto kalala, kala uji, jua limepasha. Wazee wa mawindo watakwambia umekosa nusu ya siku, waache.

Nunua au azima kihema cha kujifichia, kile kinachofunguka chenyewe. Bata mzinga hana shida nacho hata ukikisimamisha asubuhi ile ile katikati ya uwanja, shida yake ni kitu kinachotikisika, na mtoto anatikisika. Ndani ya kihema anaweza kujikuna, kula biskuti, kuchora. Fungeni madirisha ya nyuma ili msionekane kivuli, na vaeni nguo nyeusi juu. Viti viwe na mgongo, cha mtoto kiwe cha urefu wa kumfanya aone dirishani bila kuchungulia. Kama ni kwenye ardhi ya umma weka kitambaa cha rangi ya chungwa juu ya kihema, wawindaji wengine wajue kuna watu.

Rangi nyekundu, nyeupe na bluu zisiwepo mwilini mwa mtu yeyote, hata soksi, hata kofia ya timu, hata ganda la pipi unaloliinua. Hizo ndo rangi za kichwa cha dume, na mtu aliyejificha upande wa pili anaweza kukuona wewe ndo ndege. Kwa sababu hiyo hiyo msinyatie sauti ya dume mnayoisikia, inaweza kuwa ni mtu anaita. Mkiona mwindaji anakuja, usipunge mkono, usilie kama ndege, ongea kwa sauti kubwa ya kibinadamu, "Habari! Tuko hapa, nina mtoto!" kwa Kiingereza bila shaka.

Begi la mtoto: glavu za ziada, blanketi, chai ya maziwa kwenye chupa, chapati iliyokunjwa, karatasi ya chooni. Vitu vyenye mfuko unaopiga kelele vitoe kwenye mfuko nyumbani.

Sanamu za ndege, zile za kumvutia dume aje, ziweke yadi 15 mpaka 20 tu, sio zaidi, ili dume akisimama pale awe tayari ndani ya umbali wa mtoto. Jike moja anakula, na dume mdogo mmoja ambaye umemgeuza anaangalia kihema. Dume mkubwa akija kwa hasira anapenda kumkabili mwenzie uso kwa uso, kwahiyo atazunguka ajiweke kati yenu na sanamu. Zibebe ndani ya begi ukiwa unatembea, usizikumbatie mkononi.

Kuita

Mpe mtoto kiboksi cha mbao chenye kifuniko, ukikisugua kinatoa sauti ya jike. Ndo rahisi kuliko vyote. Kile cha kisahani cha jiwe (slate) na kijiti ni kizuri pia ila mikono ikipata unyevu kinagoma, na kile cha kuweka mdomoni mtoto mdogo kinamtapisha. Sauti anayohitaji ni ile ya kawaida ya jike, tatu nne tano mfululizo, alafu kimya. Kimya ndo kigumu. Mwambie kila akiita ahesabu mpaka mia tano kimoyomoyo kabla hajaita tena. Dume akiwika na mkasikia anasogea, acheni kabisa kuita, anajua mlipo.

Wiki nzima kabla ya kwenda nyumba yako itakuwa kama banda la kuku, vumilia. Na hata kama mtoto anaita vibaya mwache aite, majike ya kweli wengine wana sauti mbaya kuliko yeye.

Akija

Utamsikia kabla ya kumwona, kuna mlio wa chini sana kama kitu kinanguruma kifuani mwako, hapo yuko karibu mno. Mweke mtoto tayari mapema, bunduki imeshalala kwenye stendi, mtutu nje ya dirisha kidogo, sefti, ile swichi ya kuzuia bunduki isifyatuke, imefungwa mpaka useme wewe.

Mwaka jana binti yangu alikuwa kwenye kiti, goti linamtetemeka mpaka kiti kinalia, dume katokea kona ya kushoto kajifutua, mabawa yanaburuza majani, kichwa kimekuwa cheupe kama chaki juu na chini chekundu. Nikamwekea mkono begani. "Tulia mama, mwache afike kwenye sanamu." Akafika. Sasa dume akijifutua hivyo shingo anaizamisha ndani ya manyoya, ukipiga unampiga kifua na unaharibu nyama bila kumuua, ndo maana lazima ainue kichwa kwanza. Nikatoa "tok" moja kwa mdomo, akasimama wima, shingo ndefu. "Sefti. Ukiwa tayari wewe." Kimya. Kimya tena. "Baba, nukta inacheza, simwoni vizuri." Nikamwambia basi funga sefti. Yule dume akaipiga sanamu teke, akazunguka mara mbili, akaondoka zake. Binti akashusha pumzi akasema umemwona alivyoipiga? Na akaiongelea hiyo njia nzima mpaka nyumbani.

Nakupa hiyo ili ujue maneno ya kutumia. Usimwambie mtoto "piga! piga!" hata siku moja. Mwambie "ukiwa tayari," na akisema hayuko tayari iwe imeisha, bila kuguna, bila "ooh ulikuwa na nafasi." Ukiona ndege wawili wamesimama pamoja pia subiri watengane, marisau yanatawanyika, na sheria ni mmoja kwa siku. Na wakiwa bado juu ya mti hapigwi ndege yeyote.

Akipiga, kitu cha kwanza ni bunduki, sio ndege. Sefti, ichukue wewe, itoe risasi, ilaze. Alafu ndo utoke, mtoto nyuma yako. Umtahadharishe nyumbani kabisa kwamba bata mzinga aliyekwisha kufa anapiga mabawa kwa nguvu kwa muda, inatisha kwa asiyejua, anadhani anateseka. Kanyaga shingo karibu na kichwa, na uwe makini na vipi vya miguuni, ile miiba kama ya jogoo, dume mzee ana vipi virefu vikali vinachana mkono.

Kwa Waislamu, kisu kikali kiwe kiunoni na mtoto afundishwe kutaja jina la Mwenyezi Mungu pale anapofyatua, alafu ukimkuta bado ana uhai mchinje haraka. Suala la aliyekufa kwa marisau kabla hujamfikia wanazuoni wana kauli zao tofauti, kaa na shehe wako kabla ya msimu, usianze kubishana porini na ndege mkononi.

Kabla hujamsogeza ndege kutoka alipoanguka, andika kwenye karatasi yako ya kumbukumbu ya mawindo, alafu kabla ya saa sita usiku siku hiyo hiyo umripoti kwa simu au mtandaoni kwenye Telecheck, mfumo wa jimbo wa kuripoti mawindo, utapewa namba uiandike. Mwache mtoto ndo aripoti. Mkitoka naye mfungeni kitambaa cha chungwa au mmuweke ndani ya begi, msitembee na kichwa chekundu kinaning'inia begani.

Kupe

Hili wazazi wanalipuuza sana. Kuna kupe wa huku mwenye doa jeupe mgongoni, akikung'ata anaweza kukuachia mzio wa nyama nyekundu, yaani ng'ombe, mbuzi, nguruwe, vyote unaviaga. Fikiria mtu wa kwetu haruhusiwi nyama choma. Nguo zipulizie permethrin, dawa ya kuua wadudu, siku moja kabla zikauke nje, hiyo ni ya nguo tu sio ya ngozi. Suruali ingiza ndani ya soksi. Mkirudi nguo zote kwenye drayer moto mkali, mtoto bafuni, angalia nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kwenye nywele na hasa kama amesukwa pitisha vidole kila mstari.

Kumpika

Matiti tu ndo yanafanana kidogo na yale ya dukani. Yakate vipande vidogo, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, yalale usiku mmoja alafu mishkaki ya moto wa haraka, ukizidisha yanakauka kama ubao. Kabla ya hapo pitia kila kipande kwa vidole na mwanga mzuri, ukiona manyoya yameingia ndani ya nyama fuata hayo manyoya utalikuta risau mwisho wake. Yale ya tangsteni ni magumu kuliko jino lako, na ukilitafuna bili ya daktari wa meno hapa Marekani unaijua.

Mapaja na miguu watu wengi wanatupa na mimi sielewi kwanini. Ni migumu, ina vijiti ndani kama sindano, lakini ichemshe taratibu masaa matatu manne mpaka nyama iachie mifupa yenyewe, toa vile vijiti vyote, alafu iungie kwenye nazi na bizari, au itie kwenye pilau mahali pa nyama ya ng'ombe na supu yake ndo uivishie mchele. Mtoto apakue wa kwanza, na sahani moja mpelekee mwenye shamba.